Kuzipa picha za nje sura ya filamu: mwongozo kwa wapiga picha wa Goma

Mteja akikuambia anataka picha "kama za filamu", usikimbilie vumbi, mikwaruzo na ile tarehe ya rangi ya chungwa pembeni. Hayo ni mapambo tu, na kwa macho yangu yanachosha upesi. Anachokitaka hasa, hata kama hajui kukitaja, ni mwanga usiochoma, weusi usiozama, na rangi zilizotulia kiasi cha kumwacha yeye mwenyewe aonekane kwanza.

Tofauti inaanzia kwenye namna mwanga unavyopokelewa. Kihisio cha kamera ya kidijitali hujaa. Mwanga ukifika kikomo chake, kinachobaki ni weupe mtupu, na hakuna programu itakayorudisha kilichopotea. Filamu ya negativu ya rangi, kama Kodak Portra iliyoanza kuuzwa mwaka 1998, haikatiki ghafla namna hiyo. Mwanga ukizidi, filamu huupokea kwa kiasi kinachopungua polepole, kwa hiyo paji la uso lililopigwa na jua linang'aa huku ngozi ikiwa bado inaonekana ndani yake. Upande wa giza nao una lake: ukanda wa filamu una ukungu wake kidogo, na weusi wake haufiki kwenye giza totoro. Tutaiga tabia hizo mbili kwanza, halafu rangi, halafu zile chembechembe ndogo zinazoonekana kwenye picha za filamu.

Goma inaongeza ugumu wake. Chini tuna mawe ya volkeno: kuta nyeusi, kokoto nyeusi uani, barabara za vumbi la kijivu. Juu tuna anga ya Ziwa Kivu ambayo mchana mara nyingi huwa nyeupe. Penye mchanga au saruji, mwanga hudunda kutoka ardhini na kujaza kivuli cha macho na kidevu, lakini jiwe la lava linaumeza. Ndiyo maana mtu aliyepigwa picha saa sita mchana pale Himbi au Majengo anatoka na mashimo meusi machoni, hata kama kamera ni ya bei kali.

Kuna jambo jingine la kujua kabla ya kununua priseti (mipangilio ya kuhariri iliyotengenezwa tayari) za watu mtandaoni. Kwa miaka mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi ya majaribio ya Kodak iliyoitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa kampuni aliyekuwa wa kwanza kupigwa picha kwa ajili yake. Alikuwa mwanamke mweupe, na waliomfuata kwenye kadi hizo walikuwa weupe pia. Kadi yenye wanawake watatu wa rangi tofauti ilikuja katikati ya miaka ya 1990. Filamu zenyewe zilikuwa zimeanza kuboreshwa kwa rangi za kahawia kabla ya hapo, na waliolalamika kwa sauti iliyosikika ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka bidhaa zao zionekane vizuri kwenye matangazo. Priseti nyingi za leo zinarudia hadithi ileile: zimejaribiwa kwenye ngozi nyeupe, na ukiziweka kwenye uso wa mtu wa Goma zinampaka majivu au zinamgeuza chungwa. Kwa hiyo tutapika wenyewe, tukianzia na ngozi.

Maelezo haya yanafaa Lightroom, programu ya kuhariri picha, ya simu au ya kompyuta. Mwenye kompyuta asiyetaka kulipa atumie darktable, ambayo ni ya bure na inafanya yote haya, ila kuizoea kunataka subira. Simu nyingi hapa mjini zimewekwa Kifaransa, kwa hiyo maeneo ya mwanga mkali utayakuta kwa jina la Hautes lumières, vivuli ni Ombres, na mstari wa toni ni Courbe.

Tuchukue picha moja tuifuate mpaka mwisho: msichana amesimama mbele ya ukuta wa mawe meusi, blauzi nyeupe, kitenge cha manjano, chungwa na buluu kiunoni, mgomba upande mmoja na kipande cha ziwa kwa mbali.

Hatua ya 1: Piga ukijua utahariri

Tuko karibu kabisa na ikweta. Jua linazama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na giza halichelewi. Mwanga laini wa jioni unaanza kama saa kumi na nusu, na baada ya hapo una saa moja na kitu ya kufanya kazi kwa raha. Ziwa liko kusini mwa mji, basi mtu aliyelipa ziwa mgongo anaangalia kaskazini, na jua la jioni linampiga shavu la kushoto. Mgeuze uso kidogo kuelekea huko na kivuli cha pua kitalala vizuri.

Ikiwa lazima upige mchana, tandika shuka jeupe juu ya kokoto, mbele ya miguu yake, nje ya fremu. Linafanya kazi ambayo ardhi yetu imekataa kuifanya: linarudisha mwanga juu, mpaka machoni. Hakuna kitelezi cha kwenye programu kitakachokupa kilekile.

Kuhusu mwangaza, wapenzi wa filamu husema zidisha kidogo, na kwa negativu wana haki, maana Portra 400 inavumilia kuzidishiwa hata stopu mbili bila kulalamika (kila stopu ni mwanga mara mbili). Kwenye kidijitali fanya kinyume. Kamera ikiona ukuta mweusi umejaa fremu inadhani kuna giza, inafungua mwanga, na blauzi nyeupe inaungua. Punguza mwangaza kwa theluthi mbili za stopu, kisha tazama blauzi: ukiona mikunjo ya kitambaa, endelea. Ukimsimamisha mbele ya anga nyeupe mambo yanageuka, kamera inafunga mwanga na uso unazama. Hapo pima kwenye uso, siyo kwenye anga.

Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalihariri, ikiwa kamera au simu yako inaweza. Kwenye simu, zima ile kazi ya kulainisha na kung'arisha uso. Simu ikishafuta vinyweleo vya ngozi, huna tena cha kukifanya kionekane kama filamu.

Hatua ya 2: Msingi

Filamu ya mchana hutengenezwa kwa mwanga wa kelvini 5500 hivi (kelvini hupima joto la rangi, yaani jinsi mwanga unavyoegemea chungwa au buluu), na haibadiliki kila unapogeuka. Ndiyo sababu picha za rolo moja hufanana. Kamera yako, ikiachwa iamue yenyewe, inabadilisha joto la rangi kila fremu: mbele ya ukuta hivi, kando ya ziwa vile. Weka picha zote za kipindi kimoja kwenye namba moja, 5500, au 6000 ikiwa alikuwa kivulini, na uache picha mbili tatu ziwe na ubaridi kidogo. Umoja huo peke yake unaleta nusu ya sura ya filamu. (Ukiwa na JPEG, yaani picha ya kawaida isiyo RAW, hutaona kelvini, utaona namba za kuongeza na kupunguza tu, linganisha kwa macho.)

Kisha shusha maeneo ya mwanga mkali kwa 40 hadi 60, nyanyua vivuli kama 15 au 20, punguza kontrasti 10. Usivinyanyue vivuli mpaka kila jiwe ukutani lionekane. Picha ambayo kila kona yake ina mwanga sawa inanuka simu.

Hatua ya 3: Mstari wa toni

Hapa ndipo penye kazi, usipaharakishe.

Mstari unatoka kona ya chini kushoto, yaani weusi, mpaka kona ya juu kulia, yaani weupe. Karibu mafunzo yote yanaanza kwa kunyanyua ncha ya chini ili weusi uwe kijivu laini, na wengi wanapendekeza ifike 25 au 30 katika kipimo cha 0 hadi 255. Kwenye picha yenye nyasi na anga, sawa. Kwenye picha yetu, nusu ya fremu ni lava. Ukinyanyua hivyo, ukuta mzima unakuwa kama umepakwa unga na uzito wa jiwe unapotea. Simama kati ya 10 na 14. Utajua umefika pale mashimo madogo ndani ya jiwe yanapoacha kuwa meusi kabisa, huku jiwe lenyewe likibaki jeusi.

Ncha ya juu ishushe mpaka 245 au karibu na hapo. Blauzi inatoka kwenye weupe wa skrini na kuingia kwenye weupe wa kitambaa. Kama tayari imeungua, kushusha ncha kutakupa doa la kijivu lisilo na kitu ndani, na hilo ni baya kuliko weupe wenyewe. Iache.

Sasa katikati. Mapishi ya kawaida yanasema weka nukta kwenye robo ya chini uivute chini, na nyingine kwenye robo ya juu uinyanyue, ili mstari upate mkunjo wa herufi S. Fungua picha yako, gusa shavu la msichana, uone liko wapi kwenye mstari. Ngozi nyeupe hukaa nusu ya juu, kwa hiyo kuvuta robo ya chini hakuigusi sana. Ngozi nyeusi au ya kahawia hukaa nusu ya chini, mara nyingi kati ya robo na katikati, yaani palepale mapishi yanapovuta. Hii ndiyo siri ya majivu: priseti haikukusudia kuharibu uso, ila imeukanyaga.

Fanya hivi. Weka nukta ya kwanza mahali shavu lilipo, iache hapohapo kama nanga. Weka ya pili chini yake, karibu na weusi, uivute chini kidogo sana. Inashika nywele na mawe bila kufika usoni. Ya tatu iweke juu ya ngozi, kwenye robo ya juu, uinyanyue kidogo. Mkunjo utakuwa mdogo na wa ajabu kidogo ukiutazama. Usijali, tazama uso. Upande wa kivuli wa shavu uwe bado na rangi ya kahawia ndani, na mng'ao wa paji uwe na ukingo unaoyeyuka, siyo ukingo uliokatwa.

Hatua ya 4: Rangi moja moja

Anza na chungwa na nyekundu, maana ngozi yetu yote imo humo. Punguza ukolezo wa chungwa kama 5 hadi 10, nyanyua mwangaza wake kidogo, na usogeze aina ya rangi hatua chache kuelekea nyekundu ikiwa uso umekuwa wa manjano. Kidogo, nasema, maana kitelezi cha mwangaza wa chungwa ni kitamu na kinalevya. Ukizidisha, mteja mwenyewe atakuuliza: "Yaya, juu ya nini umenifanya mweupe hivi? Mama ataniuliza ni nani huyu." Na wako wanaotaka hivyo hasa, nao wanalipa. Mimi huwaonyesha picha mbili kando kwa kando, na wengi huchagua ile inayowafanana.

Kitenge ni mtego. Manjano na chungwa ya kitambaa inakaa kwenye vitelezi vilevile vya ngozi, hivyo ukipoza uso unafifisha na kitenge, na mwenye kitenge hakukinunua ili kifife. Kama programu yako ina kazi ya kuchagua sehemu, chagua uso na mikono peke yake. Kama haina, gusa chungwa tu na usiguse manjano kabisa. Kitenge kitapungua kidogo lakini kitasimama.

Kijani cha kidijitali kina kelele, hasa migomba baada ya mvua. Sogeza kijani kuelekea manjano kidogo, punguza ukolezo 20 hadi 30, shusha mwangaza wake. Mgomba utarudi nyuma na msichana atakuja mbele. Ziwa nalo, punguza ukolezo wa buluu na ulisogeze kidogo kuelekea kijani. Juni mpaka Agosti, wakati ukungu wa vumbi umeifunika milima na Nyiragongo haionekani, ziwa huwa la kijivu tayari. Liache, filamu ingelipokea vilevile.

Hatua ya 5: Rangi ndani ya kivuli na ndani ya mwanga

Filamu ya rangi ina tabaka tatu, na hazikubaliani sawasawa kwenye giza na kwenye mwanga. Ndiyo maana vivuli vyake huegemea rangi moja na sehemu za mwanga rangi nyingine. Kwenye mwanga ongeza manjano kidogo, ukolezo usiozidi 8. Kwenye vivuli watu wote wanamimina buluu au samawati iliyokolea. Usifuate. Buluu hiyo haitaishia kwenye mawe, itapanda kwenye upande wa kivuli wa uso, na kahawia ikichanganywa na buluu inazaa kijivu. Chagua kijani kinachoelekea kahawia, ukolezo 4 au 5, uone jinsi lava inavyopata joto huku uso ukibaki salama.

Hatua ya 6: Ulaini, halafu chembechembe

Punguza umbile na uwazi kwa 5 hadi 10 hivi. Kwa picha ya simu hilo ni lazima, kwa sababu simu imeshainoa kabla hujaiona. Usiende mbali, ngozi isiwe ya plastiki.

Chembechembe weka kiasi cha 15 hadi 25, ukubwa wa wastani. Zitaonekana zaidi penye rangi moja isiyo na kitu, yaani anga na shavu, na ukutani hutaziona. Kwa hiyo zipime kwenye shavu, ukiwa umeikuza picha kwa ukubwa wake kamili. Ukiona chunusi zimezaliwa, umezidisha.

Kuna pia ule mng'ao mwekundu kandokando ya taa. Unatokea mwanga unapopenya tabaka za filamu, ukagonga mgongo wa ukanda na kurudi, na tabaka la kwanza linalokutana nao ni la nyekundu. Kwa picha ya mchana hauhitajiki. Ni pale tu jua likiwa nyuma ya nywele ndipo unaweza kupaka rangi ya chungwa nyepesi kwenye ukingo wa nywele.

Ukitaka nyeusi na nyeupe, rangi bado zinakutumikia. Baada ya kugeuza, nyanyua mwangaza wa chungwa na ushushe wa buluu. Ni sawa na mpiga picha wa zamani aliyefunga kioo cha chungwa mbele ya lenzi. Uso unafunguka, anga inashuka, mawingu yanatokea. Hapo tu ndipo kitelezi cha chungwa kinaweza kupanda juu bila mtu kubadilishwa rangi.

Hatua ya 7: Kuhifadhi, kutuma, kuchapisha

Hifadhi kazi yako kama priseti mbili, moja ya jua na moja ya mawingu, bila joto la rangi na bila mwangaza ndani yake, kwa sababu hayo mawili hubadilika kila siku. Ukiiweka kwenye uso mwingine, rudi kwenye hatua ya 3 usogeze nanga. Familia moja ya Goma inaweza kuwa na rangi nne za ngozi kwenye benchi moja. Hapo weka nanga kwenye uso wa mtu mweusi zaidi, halafu walio weupe uwashushe kidogo kwa kazi ya kuchagua sehemu.

WhatsApp inabana picha, na ikibana, chembechembe ndizo za kwanza kufa: zinageuka madoa ya mraba shavuni. Toa nakala ndogo yenye upande mrefu wa pikseli 2048 na chembechembe chache, itume kama hati ikiwa mteja ana mega za kutosha. Nakala kubwa mpe kwenye fleshi. Ile ya kuweka kwenye statasi itengeneze bila chembechembe kabisa.

Kwa kuchapisha, peleka kwanza picha moja ya 10 × 15 studioni uitazame nje, kwenye mwanga wa mchana. Mwambie fundi asiguse rangi, maana mashine nyingi "huboresha" zenyewe. Weusi wa karatasi haukolei kama wa skrini, na wewe umeshaunyanyua wa kwako, hivyo ukuta unaweza kutoka umepauka mara mbili. Ukiona hivyo, rudisha ncha ya chini ya mstari mpaka 4 au 5 kwa nakala ya kuchapa tu, nyanyua mwangaza wa jumla kidogo, na uchape tena.